Mama Aliyekalia Mikono Yake

Siku ya kwanza nilidhani anagombana na mtu.

Nilikuwa napanda ngazi za chuma nyuma ya duka moja la vifaa vya ujenzi kule Mabibo, natafuta kituo cha kusomea nilichoelekezwa. Juu kabisa, mlangoni, alisimama mama mnene, kanga kaifunga kiunoni, mikono yake ikipiga hewa kwa kasi ya kutisha. Uso ulikunjamana, mashavu yakajaa na kunywea, nyusi zikapanda na kushuka, na sauti haikumtoka hata chembe. Mbele yake kijana mrefu, mwembamba, alikuwa anamjibu kwa mikono vilevile. Nikasita katikati ya ngazi. Mama akageuka, akanitazama, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Pita mwanangu, hatugombani. Anauliza choo kiko wapi."

Jina lake la kwenye karatasi nalijua, ila sijawahi kulitumia, na hapa sitalitumia. Pale kituoni tulimwita Mama Mkalimani. Baada ya muda jina lilivuka barabara likamfuata mpaka sokoni, alikokuwa anauza vitunguu kwa jumla tangu alfajiri, na wachukuzi wa magunia nao wakaanza kumwita hivyo hivyo. Yule kijana alikuwa mwanawe, Isaya. Alikuwa kiziwi tangu utotoni. Shule ya sekondari aliiacha akiwa kidato cha pili, na si kwamba masomo yalimshinda. Walimu walifundisha wameugeukia ubao, na hakuna aliyekumbuka kumgeukia yeye. Akawa anakaa nyumbani akitengeneza simu za majirani, mpaka mama yake aliposikia kwamba siku hizi mtu anaweza kusoma sekondari kwa masafa, kompyuta ikiwemo, halafu akafanya mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea.

Mie nilifika pale kwa njia nyingine. Niliacha shule baba alipougua, nikawa nauza kwenye duka la dawa Sinza. Utaratibu wa masomo ulikuwa rahisi kuueleza na mgumu kuufuata. Masomo tulitumiwa kwenye simu na kwenye karatasi, kila mtu anasoma kwake, anajibu maswali, anayarudisha kwa mkufunzi. Jumatano na Jumamosi mchana tulikutana pale juu ya duka kwa mazoezi, maana wengi wetu hatukuwa na kompyuta nyumbani. Ticha wetu alikuwa kijana wa chuo kikuu anayekaa hosteli za Mabibo, mwenye akili nyingi na mdomo mwepesi. Akianza kueleza jambo hakuna alama ya nukta, na kabla hujaandika la kwanza yeye yuko la tatu.

Kwa Isaya, kusoma kwa masafa kulikuwa kama nguo iliyopimwa mwilini mwake. Kusoma peke yake, kimya, kwa mwendo wake mwenyewe, hicho ndicho alichokiweza kuliko sie wote. Tatizo lilikuwa Jumatano na Jumamosi, Ticha anapofungua mdomo. Hapo ndipo mama yake alipoingia. Alikuja moja kwa moja kutoka sokoni, akaketi kwenye stuli pembeni ya ubao, uso kwa mwanawe, mgongo kwa sie wengine, na chumba kizima kikanukia vitunguu.

Sheria yake ya kwanza ilikuwa kwamba kila neno linalosemwa mbele ya Isaya ni la Isaya pia. Kila neno, hata lisilo la somo. Wiki ya mwanzo Ticha alimnong'oneza mkuu wa kituo pembeni, "Lakini huyu dogo ataweza kweli?" Mama hakumtazama hata kidogo. Mikono yake ikaanza kwenda. Isaya akafuata mpaka mwisho, akafikiri, akajibu. Mama akageuka kwa Ticha kwa heshima zote.

"Anauliza, na wewe je, utaweza kweli?"

Ticha akacheka, akamnyooshea Isaya kidole. "Poa. Tutajuana." Na kweli wakajuana. Ndani ya mwezi mmoja walikuwa wanataniana kwa ishara zao wenyewe ambazo hata mama hakuzipenda.

Siku nyingine wasichana wawili wa nyuma walikuwa wanacheka chini chini. "Jamani, leo tumekaa darasani au tumekaa sokoni?" Mama alikuwa kawapa mgongo. Nilimwona mabega yakitikisika, mikono ikipitisha yote kama yalivyo. Isaya akaangua kicheko, akasema lake. Mama akatangaza kwa sauti aliyozoea kuitia madalali:

"Kijana anasema, mkitaka vya kupikia, mama anauza na rejareja."

Tangu siku hiyo hakuna aliyesengenya mtu pale ndani. Tulijua kila tutakachosema kitapita mikononi mwake.

Kuhusu kompyuta zenyewe, alisema hajui kitu, na nadhani alisema kweli. Aliishia darasa la saba. Maneno ya Kiingereza aliyaandika hewani kwa vidole, herufi moja moja, bila kujua yana maana gani. "Taja herufi," alikuwa akimkatiza Ticha. "Taratibu. Neno hilo lina herufi gani?" Ticha mwanzoni alikereka, mwishowe akaona ni nafuu aandike kila neno jipya ubaoni kabla hajalisema. Sie wengine tulioogopa kuuliza ndio tuliofaidika. Kwa mara ya kwanza tukawa na maneno yaliyoandikwa vizuri.

"Mie bomba tu," alipenda kusema. "Maji yanapita. Bomba halinywi."

Lakini kuna mambo ambayo hayapiti tu kwenye bomba. Neno lisilokuwa na ishara, ilibidi yeye na Isaya walitengenezee, na walilitengeneza kwa vitu walivyovijua. Ile nafasi kwenye programu inayotunza thamani, leo hii kesho nyingine, waliigeuza debe: mkono mmoja umekunjwa kama debe, mwingine unamwaga kitu ndani, unakitoa, unamwaga kingine. Amri ya kurudia jambo mpaka sharti litimie ilikuwa mchukuzi: begani, unashusha, unarudi, begani, unashusha, unarudi, mpaka unageuka na kuonyesha lori tupu. Virusi vilikuwa nyanya: ngumi iliyojaa inayonyauka taratibu mpaka vidole vinaning'inia. Mie nilikuwa nimeshasoma ukurasa wa amri ya kurudia mpaka macho yakauma, sielewi. Siku hiyo nikamwona mama akishusha magunia hewani, akageuka, lori tupu, akapangusa mikono. Nikasema "Aaa!" kwa sauti. Ticha akageuka kwangu kwa furaha.

"Umeshika, Rehema?"

"Nimeshika."

Hakuniuliza nimeshikia wapi.

Jambo moja lilinishangaza kwa muda mrefu: hakuwahi kugusa kibodi. Tulimkaribisha mara nyingi wakati wa mapumziko. Isaya mwenyewe alimvutia kiti. Alikataa kila mara, nikadhani ni woga wa watu wazima. Nilipomuuliza, alinionyesha viganja vyake, vyeusi kwenye mikunjo kwa maganda ya vitunguu.

"Hii ndiyo midomo yangu. Nikiiweka hapo juu, mwanangu akiniita nitamjibu na nini?"

Alikuwa mkali kwa watu waliomhurumia kuliko waliomcheka. Safari moja walikuja wageni kukitembelea kituo, wakiwa na kamera. Mmoja wao, mama mwenye sauti laini, alitaka kuwapiga picha yeye na Isaya, mikono hewani, kompyuta nyuma yao. Akasema wangeandika chini yake habari ya mama shujaa na mwana mwenye ulemavu. Mama Mkalimani akayapitisha yote kwa Isaya kama kawaida, kisha wakazungumza kidogo.

"Picha sawa," akasema. "Ila muandike anachosoma. Mwanangu anasoma kompyuta, hasomi uziwi."

Yule mgeni akasema hadithi kama hiyo ingegusa watu.

"Nao waguswe na kompyuta," mama akajibu. Picha haikupigwa. Mkuu wa kituo alinuna siku nzima, maana alitamani sana kamera ile ifanye kazi.

Mtu atakayesoma mpaka hapa anaweza kudhani alikuwa mwaminifu kama kioo. Hakuwa. Alitaka dunia nzima imwambie Isaya ukweli mtupu, lakini maneno ya Isaya kwenda kwa dunia aliyapunguza makali, akayatia sukari. Tuligundua mchana mmoja ambapo Ticha alikuwa anafundisha jambo kwa kubabaika, anafuta na kuandika, anafuta na kuandika. Isaya akasema kitu. Mama akageuka.

"Anaomba urudie taratibu."

"Aa, freshi kabisa," Ticha akasema, akatabasamu.

Isaya akaliona lile tabasamu. Maneno yake hayakuwa ya kumfanya mtu atabasamu. Akapiga meza kwa kiganja mpaka kibodi ikaruka, akasimama, na mikono yao ikaanza kugombana kweli, safari hii bila shaka. Sie hatujui tutazame wapi. Mwishowe mama akashusha mikono, akageuka, jasho linamtoka.

"Ticha, samahani. Nimekosea mie. Hakusema hivyo. Amesema, kwa nini unatufundisha kitu ambacho wewe mwenyewe hujakielewa?"

Ticha aliutazama ubao, akautazama tena.

"Amesema kweli," akasema. "Hapa sijapashika vizuri. Nipeni mpaka Jumamosi."

Jumamosi alikuja ameshika, na somo lile ndilo nililolielewa kuliko yote. Lakini siku ile ya ugomvi nilishuka ngazi pamoja na mama, Isaya katangulia kwa hasira. Nikamuuliza kwa nini alibadilisha maneno.

"Naogopa watamchoka," akasema. "Mtu akimchoka, hamwiti tena. Nimeshaona hilo shuleni kwake. Mie ni mama yake kwanza, ukalimani ni kazi ya pili."

"Na hizo kazi mbili zinapatana?"

"Zinagombana kila siku, mwanangu. Kila siku ya Mungu."

Mtihani ulipokaribia ndipo jambo kubwa lilipotufika. Tulitakiwa kufanyia mtihani kwenye shule moja iliyokuwa na chumba cha kompyuta, kwa sababu kulikuwa na sehemu ya vitendo. Mkuu wa kituo alirudi kutoka huko na habari kwamba mtahiniwa kiziwi anaruhusiwa mkalimani, wala hakuna shida, ila mkalimani asiwe mzazi wala ndugu.

Mama akajifunga kanga vizuri, akaenda shuleni mwenyewe. Sie tulijua tabia yake, tukajua atarudi na kibali. Alirudi jioni, akaketi kwenye stuli yake, akapumua.

"Yule mwalimu kanijibu kwa adabu," akasema, "ndiyo iliyoniudhi. Nilikwenda na ugomvi wangu wote, nikarudi nao wote."

"Kwani kasemaje?" nikauliza.

"Kaniuliza, mama, ungekuwa wewe ndiye msimamizi, ungeamini kwamba mama mtu anapitisha tu, haongezi lake? Nikakosa cha kusema, Rehema. Kwa sababu naongeza. Mnajua nyie wote kwamba naongeza."

Wengine tungetafuta mkalimani, tukafunga hilo jambo. Yeye aliliona mbali zaidi. Jumatano iliyofuata alisimama mbele yetu na kumwambia mwanawe jambo, na kwa mara ya kwanza alisema kwa mikono na kwa mdomo kwa pamoja, ili tusikie sote.

"Kuanzia leo sikai humu ndani. Nitakaa chini, dukani. Mtihani hautanikuta nimekaa hapa, na kazi haitanikuta nimekaa hapa. Bora uzoee nikiwa karibu kuliko uzoee nikiwa sipo."

Isaya alijibu kwa ishara chache sana.

"Anasema kama mie siingii, na yeye haji," mama akatafsiri. Kisha akamwambia kwa kichwa tu: sawa.

Na kweli Isaya hakuja. Jumamosi kiti chake kilikuwa kitupu. Lakini nilipokuwa napanda ngazi nilimkuta mama chini, kakaa juu ya mifuko ya saruji, mkoba mapajani.

"Shikamoo, mama. Isaya je?"

"Marahaba. Yuko nyumbani, kalala na hasira zake."

"Sasa mama, umekuja kufanya nini?"

"Si nilisema nitakaa chini? Basi nimekaa chini."

Akakaa mpaka kipindi kikaisha. Jumatano akakaa tena. Mwenye duka akamzoea, akawa anamletea chai ya tangawizi na kumuuliza bei ya vitunguu. Mie nilimtumia Isaya ujumbe kwenye simu: mama yako yuko darasani, mwanafunzi ndiye hayupo. Hakunijibu. Jumamosi iliyofuata nikasikia hatua nzito kwenye ngazi za chuma. Isaya alikuwa ameupita ule mzigo wa saruji na mama yake juu yake kama anayepita nguzo ya umeme, hakumtazama. Akaingia, akaketi, akawasha mashine. Nilichungulia chini kupitia ngazi. Mama alikuwa ameinamia kikombe cha chai na anafuta uso kwa pindo la kanga.

Siku hizo ndizo nilizokaa pembeni ya Isaya. Nilifungua ukurasa mtupu kwenye skrini yangu na kuchapa kila alichosema Ticha, naye akawa anasoma kwa jicho moja. Nilikuwa nachapa kwa vidole viwili, na makosa mengi. Akawa ananijibu kwenye ukurasa huo huo. "Ticha amesema 'falii'? Huo ni ugonjwa?" Nikicheka, Ticha anauliza kuna nini, nageuza skrini aone. Tukajikuta tunaelewana. Na vidole vyangu viwili vikawa vinne, vikawa kumi, maana Ticha hakupunguza mwendo.

Mkalimani aliyepatikana alikuwa kijana mpole mwenye miwani, aliyezoea kutafsiri ibada kanisani. Lugha ya alama aliijua vizuri sana. Tatizo lilikuwa maneno yetu.

"Anajua dhambi zote," mama akaninong'oneza, "ila folda haijui."

Isaya ndiye aliyemfundisha. Debe, mchukuzi, lori tupu, nyanya inayonyauka. Siku za mazoezi hayo mama aliruhusiwa na Isaya kuja mlangoni, si zaidi ya hapo, na akawa anakaa kwenye kizingiti. Yule kijana alikuwa anakosea. Alichanganya kuhifadhi na kufuta, maneno ambayo kwenye kompyuta ukiyachanganya umeharibikiwa. Kila alipokosea, mikono ya mama iliinuka yenyewe kama kuku aliyeshtuka. Aliishusha, ikainuka. Mwishowe nikamwona anainua mapaja kidogo, anaiweka mikono chini yake, viganja sakafuni, na kuikalia kwa uzito wake wote. Midomo kaikaza. Macho yanamtoka. Akabaki hivyo mpaka Isaya mwenyewe alipomsimamisha yule kijana, akamshika viganja, akamrekebisha. Mama akashusha pumzi. Hakuiondoa mikono.

Siku ya mtihani wa vitendo nilipangiwa mashine iliyo nyuma ya Isaya. Katikati ya kazi nikaona skrini yake imeganda. Akanyoosha mkono. Mkalimani akafika, Isaya akaeleza, na yule kijana kwa woga wa mtihani akapotelewa na kila kitu. Akamtazama msimamizi, akamtazama Isaya, hakuna linalotoka. Mie siruhusiwi kusema neno. Isaya akachukua karatasi ya kazi za rafu iliyokuwa mezani, akaandika kwa herufi kubwa, akaiinua juu ya kichwa chake mpaka msimamizi akaisoma kutoka mbele: MASHINE IMEGANDA. NAOMBA NIHAMISHWE NA NIONGEZEWE MUDA ULIOPOTEA. Msimamizi akaja, akathibitisha, akamhamisha, akamwongezea. Isaya akaendelea kama mtu aliyesimama kunywa maji tu.

Tulipotoka nilikuwa na hamu ya kumsimulia mama. Tulimkuta nje ya geti, kaegemea ukuta wa shule, kalala. Kalala kweli, kinywa wazi, mkoba umeteleza, kiatu kimoja kimemvuka. Mtu aliyekuwa anaamka kabla ya jogoo kila siku kwa miaka yote ile, nadhani ndipo usingizi ulipompata. Niliinama nimwamshe. Isaya akanishika mkono, akatikisa kichwa. Akaketi chini kwenye vumbi upande wake mmoja, mie nikaketi wa pili, tukamngojea aamke mwenyewe. Watu walipita wakitutazama.

Matokeo yalipotoka, Isaya alikuwa amefaulu kompyuta na hisabati vizuri kunishinda. Kiswahili kilimwangusha, na ilibidi akirudie mwaka uliofuata. Alikirudia, akafaulu, akaenda chuo kusomea cheti. Mie nami nilifaulu kiasi cha kuniondoa kwenye duka la dawa. Nikasomea utunzaji wa kumbukumbu, nikapata kazi mapokezi kwenye zahanati moja Msasani. Mama Mkalimani nikawa namwona kwa nadra, nikipita Mabibo, na kila mara alikuwa katikati ya magunia, anapiga kelele na madalali, ananipungia tu.

Mwaka huu, mchana mmoja wa jua kali, nilitoka zahanati kutafuta chakula. Kwenye benchi la muuza juisi ya miwa, kivulini, nikamwona. Amevaa blauzi ya kwendea kanisani. Gunia tupu limekunjwa vizuri miguuni.

"Shikamoo, mama!"

"Marahaba! Eh, Rehema. Umenenepa, kazi imekukubali."

"Huku Msasani unafanya nini?"

"Nimeleta vitunguu hoteli ile pale."

"Umevileta saa ngapi?"

Akalinyoosha gunia kwa mguu. "Asubuhi," akasema.

Ilikuwa saa saba imeshapita. Nikaketi. Hakuwa ananitazama. Alikuwa anatazama ng'ambo ya barabara, kwenye jengo moja la vioo, na hapo nikakumbuka kwamba Isaya alikuwa ameajiriwa upande huu, kwenye ofisi ya kampuni fulani, anashughulikia kompyuta zao.

"Anajua upo hapa?"

"Akijua atanila nyama. Kanikataza. Kaniambia kazini haji mtu na mama yake." Akanywa juisi. "Na kweli. Ningekuwa yeye ningesema hivyo hivyo. Nimesema nimwone mara moja tu, basi. Nione anavyotoka."

Tukangoja. Magari yalikuwa yanapita bila kukatika. Baadaye mlango wa kioo ukafunguka, Isaya akatoka na wenzake wawili, shati limechomekwa, kitambulisho kinaning'inia shingoni. Walikwenda kwa muuza chipsi wa kona, wakasimama kungoja. Isaya alikuwa katupa mgongo. Mabega yake yakaanza kucheza, viwiko vikatoka pembeni, alikuwa anasimulia jambo refu. Wale wenzake walimkodolea macho. Mmoja, msichana mfupi, akainua mikono akajibu kitu kwa ishara za kujifunza, taratibu, anakosea, anarudia. Isaya akamshika kidole kimoja, akakinyoosha kinavyotakiwa. Kisha akamalizia hadithi yake, na wote watatu wakaangua kicheko mpaka yule mwingine akashika meza ya muuza chipsi asianguke.

Nikajikuta nacheka na mie, bila kujua nacheka nini.

"Kasema nini?" nikamuuliza mama.

Kwa miaka yote niliyomjua, sikuwahi kumuuliza swali hilo akakosa jibu. Alikuwa amekaza macho ng'ambo, shingo kainyoosha, anajaribu kupenya ule mgongo wa mwanawe. Kisha akairudisha shingo taratibu.

"Sijui," akasema.

Akanigeukia. Macho yalikuwa yamejaa, na anacheka.

"Sijui, Rehema. Sijui kabisa mwanangu kasema nini."

Akainuka, akakung'uta blauzi, akaokota gunia lake. "Nyanyuka twende. Asije akageuka."

Nilikuwa bado natafuta mkoba wangu chini ya benchi. Yeye alikuwa ameshatangulia, gunia kwapani, anafuata kivuli cha ukuta kwa hatua za haraka, na ilinibidi nikimbie kidogo kumfikia.